Kabla ya kutia saini, uliza siku ya mwisho

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia na nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umenieleza mshahara, bima ya afya na tikiti ya ndege katika kila ofa, ya Singapore na ya Uholanzi, ukaniomba nikushauri uikubali ipi. Lipo jambo moja ambalo hukuliandika, nami nadhani hukuwauliza: siku kazi hiyo itakapokwisha, iwe umeacha mwenyewe au umepunguzwa, utaruhusiwa kubaki nchini humo siku ngapi, na siku hizo zitaanza kuhesabiwa lini?

Nakuuliza kwa sababu mimi sikuuliza. Nilikuwa na umri kama wako wakati kampuni iliyoniajiri ugenini ilipofunga idara yetu. Kadi yangu ya ukaazi ilionyesha kwamba imebakiza miezi 14, nami nikaamini kwamba hiyo miezi 14 ni yangu. Afisa utumishi aliniambia kwa mdomo kwamba mambo ya uhamiaji watayashughulikia wao, nikaondoka nikiwa nimetulia. Siku nilipokwenda uhamiaji kubadilisha anwani tu, afisa aliitazama kadi, akaitazama skrini yake, kisha akanigeuzia kalenda ya mezani na kuhesabu siku kwa ncha ya kalamu, mstari baada ya mstari, mpaka akafika kwenye siku ambayo nilikuwa nimekwisha kuipita kwa wiki tatu. Kampuni ilikuwa imetoa taarifa ya kuondoka kwangu kama sheria ilivyoitaka, lakini mimi hakuna aliyeniletea nakala. Wiki tatu hizo zilinifuata kwa miaka, kwa maana kila fomu ya viza niliyojaza baadaye iliniuliza kama nimewahi kukaa nchi yoyote kupita muda wangu.

Kwa hiyo tenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Viza inakufikisha mlangoni, kibali cha ukaazi kinakuruhusu kukaa, na kibali cha kazi kinakuruhusu kufanya kazi, mara nyingi kazi hiyo moja kwa mwajiri huyo mmoja. Katika nchi nyingi ukaazi wa mfanyakazi mgeni umesimama juu ya ajira yake, na tarehe iliyochapwa kwenye kadi inachukulia kwamba ajira ingali ipo. Ajira ikiondoka, kadi hubaki nzuri mfukoni huku muda wako ukihesabiwa kwa kalenda nyingine usiyoiona.

Singapore kalenda hiyo ni fupi. Mwajiri anatakiwa kukifuta kibali chako ndani ya wiki moja baada ya siku yako ya mwisho kazini, na baada ya hapo kwa kawaida unapewa siku 30 za kukaa kama mgeni, bila ruhusa ya kufanya kazi. Katika siku hizo 30 unatakiwa uwe umepata mwajiri mwingine wa kukuombea kibali kipya, au uwe umefunga virago. Ongeza na hili, ambalo wengi hulijua wakati limekwisha kuwafika: mwajiri wa mgeni anayeondoka hulazimika kuzuia fedha zote anazotakiwa kumlipa, pamoja na mshahara wa mwisho, mpaka mamlaka ya kodi itakapotoa idhini au siku 30 zipite tangu ilipopokea fomu yake. Maana yake ni kwamba katika mwezi uleule unaohitaji kodi ya nyumba, chakula na tikiti, mshahara wako wa mwisho unaweza kuwa umeshikiliwa kwa mujibu wa sheria. Ukiichagua ofa hiyo, anza kuweka akiba ya miezi mitatu tangu mshahara wa kwanza, na usiiguse.

Uholanzi, mtaalamu aliyeajiriwa kwa kibali cha aina yako hupewa hadi miezi 3 ya kutafuta kazi nyingine, ilimradi muda wa kibali chenyewe haujaisha kabla ya hapo. Ni muda wa kupumua, lakini si kila mwajiri atakufaa, kwa sababu anayekuchukua lazima awe mdhamini anayetambuliwa na idara ya uhamiaji ya huko, na mshahara wake ufikie kiwango kilichowekwa. Kazi nzuri kwa mwajiri asiyetambuliwa haitakiokoa kibali chako.

Usidhani kwamba ukijua nchi moja umezijua zote. Marekani, wenye viza ya H-1B, yaani ya kazi kwa wataalamu wageni, wanaweza kupewa hadi siku 60 tangu kanuni ya Januari 2017, na kwa kawaida huhesabiwa kuanzia siku inayofuata siku ya mwisho waliyolipwa mshahara, kwa hiyo kiinua mgongo hata kiwe kikubwa namna gani hakisogezi tarehe hiyo mbele. Uingereza kwa kawaida ni siku 60 pia, ila huko ni uhamiaji wenyewe wanaokuandikia barua ya kukata muda wako, na aliyehama nyumba bila kutoa anwani mpya anaweza asiipate. Japani unatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 14 baada ya kuacha kazi, na ukikaa miezi 3 bila kufanya shughuli uliyopewa ukaazi kwa ajili yake, pasipo sababu ya msingi, wanaweza kukunyang'anya ukaazi wenyewe. Australia ilikuwa na siku 60, lakini tangu tarehe 1 Julai 2024 walio na viza za kudhaminiwa na mwajiri wana hadi siku 180 kwa mara moja, zisizozidi 365 kwa jumla, na wanaruhusiwa kufanya kazi kwingine wakati wakitafuta mdhamini mpya. Hilo la mwisho naliona ni la haki kuliko yote. Mkataba namba 143 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1975, unasema kwamba mfanyakazi mhamiaji aliyekaa nchini kihalali asihesabiwe kuwa mkaazi haramu kwa kupoteza kazi tu. Ni masikitiko yangu kwamba nchi nyingi zinazowapokea wafanyakazi wengi hazijauridhia.

Sasa sikiliza kuhusu karatasi moja. Kampuni inapopunguza watu, mara nyingine huweka mezani barua iliyokwisha kuandikwa kwamba mfanyakazi ameacha kwa hiari yake, wakisema kwa upole kwamba itamwekea jina zuri. Usiitie saini siku hiyohiyo, na kama si kweli usiitie saini kabisa. Zipo haki zinazotofautiana kati ya aliyeacha na aliyeachishwa. Huko Marekani, kwa mfano, mwajiri anayemwachisha mwenye H-1B kabla ya muda kwisha anatakiwa kumpa gharama ya kawaida ya safari ya kurudi kwao, lakini aliyeacha mwenyewe hana dai hilo. Omba barua inayotaja sababu halisi na siku yako ya mwisho kazini kwa tarehe kamili.

Ikitokea umebaki bila kazi, usikubali kibarua, hata cha siku mbili, hata kwa rafiki, kabla hujahakikisha kwamba kibali chako kinakiruhusu. Usipande ndege kuja kunisalimu kabla hujauliza kama kutoka nchini kutazifuta siku zilizobaki. Na ukioa kabla ya hapo, ujue kwamba ukaazi wa mkeo kama mtegemezi kwa kawaida utakuwa umefungwa kwenye wako.

Wajibu waajiri wote wawili wiki hii, kwa barua pepe na si kwa simu, uwaulize nani atatoa taarifa uhamiaji kazi ikiisha, ndani ya siku ngapi, na kama wewe utapewa nakala. Majibu yao nitumie pamoja na kifungu cha kusitisha mkataba. Nitakuwa nyumbani Jumapili yote, nipigie tukisome pamoja kabla hujaweka saini.

Ni mimi mama yako akupendaye.