Ndugu Wafula, hayo mawimbi ni ya nani?

Jinja, Jumatano jioni

Ndugu yangu Wafula,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, mvua tu ndiyo imezidi, na mama anaulizia kama ule mzigo wa karanga ulikufikia. Barua yako Otim ameniletea leo. Najibu upesi kabla hamjarudisha makreti yote mkaanza kugombana bure.

Kwa hiyo wateja wanasema vioo vina mawimbi, vinapindisha sura ya jengo la jirani, meneja anasema kioo kilichokuja kupitia Mombasa ni kibovu, na aliyewauzia anasema tatizo ni tanuri lenu la kutempa, yaani kuimarisha kioo kwa joto na kukipoza ghafla, hapo Namanve. Mkiendelea kubishana hamtapata jibu. Kagueni kioo kabla hakijaingia tanurini, kisha mkikague tena kikitoka.

Tengenezeni ubao mkubwa mweupe, mchore mistari myeusi ya mshazari kwa nyuzi 45, kila mstari upana wa milimita 25. Kioo kisimame wima kati yako na ubao. Kizungushe polepole kama mlango kwenye bawaba, uangalie mistari kupitia humo. Ukitazama moja kwa moja, karibu kila kioo kitaonekana safi. Kadiri kinavyolala pembeni, mistari huanza kuyumba. Andika pembe ilipoanza kuyumba, na kila kreti lipimwe vivyo hivyo.

Kioo bapa hutengenezwa kwa kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya bati lililoyeyuka (ile metali laini, si mabati ya paa), kisha utepe wa kioo unavutwa kwenda mbele. Kasoro ya kiwandani hufuata mwelekeo huo wa kuvutwa, tena mara nyingi hurefuka: hata kiputo hutoka kimenyooka. Mawimbi ya tanuri lenu hukaa kinyume, yaani yanakata njia ambayo kioo kinapita juu ya rola. Basi pakieni vioo vichache vya majaribio ili mistari ya kuvutwa ielekee mbele. Kikitoka, mawimbi yaliyo ya urefu wa safari yalikuja nacho, yanayokata safari ni yenu. Naomba hili mlifanye kwanza kabla ya lingine lolote.

Mkiona yanakata, pima kutoka kilele hadi kilele. Rola ya kipenyo cha milimita 80 ina mzingo wa 251. Wimbi au alama ikijirudia kila milimita 251, mmepata mkosaji, aidha rola haiko duara au ina uchafu ulioganda. Kina chake pima kwa rula iliyonyooka ya milimita 300 yenye geji ya mshale ya kupimia kina. Kiwango cha Ulaya cha EN 12150 kinaruhusu hadi milimita 0.3 kwa kioo cha kawaida kisicho na mipako. Mengi hutokana na kupika kupita kiasi: kioo kinalainika, kinabonyea kati ya rola na rola. Punguzeni sekunde chache, lakini msipunguze kwa pupa, maana kioo kisichoiva hupasuka kwenye upepo wa kupoza, au hutempwa nusunusu. Kila mkibadilisha muda, vunjeni kioo kimoja na mhesabu vipande ndani ya mraba wa milimita 50 kwa 50. Kwa unene wa milimita 4 hadi 12, vipande vikiwa chini ya 40, rudisheni muda.

Unene nao unahusika. Kioo cha milimita 4 kinaruhusiwa kuwa kati ya 3.8 na 4.2. Makreti mawili yakitofautiana hivyo na mkayapika kwa muda uleule, jembamba litaiva zaidi na kuonyesha mawimbi. Pimeni unene kwa maikromita katikati ya kila ukingo, pande zote nne, kabla ya kupanga ratiba ya tanuri.

Sasa, Wafula, usije ukamwambia meneja kwamba kinachoonekana baada ya tanuri ni kosa la tanuri lenu daima. Kuna ukungu wa samawati unaotokea upande uliogusa bati, na hauonekani mpaka kioo kipikwe. Chanzo chake kiko kiwandani, hewa ya oksijeni imeingia kwenye bafu la bati. Mtautambua upande huo gizani kwa taa ya ultravayoleti ya mawimbi mafupi, unang'aa kama maziwa (vaeni miwani). Vivyo hivyo chembe za nikeli salfaidi, uchafu unaobaki ndani ya kioo tangu kiwandani: ndogo mno kwa jicho, halafu kioo kilichotempwa hupasuka chenyewe hata baada ya miaka kwa sababu chembe hupanuka ndani. Kwa jengo la watu wengi, pasheni vioo tena kwa saa kadhaa kwa zaidi ya nyuzi joto 250, vibovu vivunjikie kwenu.

Madoa ya upinde wa mvua pia yachunguzwe mapema. Kontena likikwama mpakani Malaba na karatasi iliyo kati ya vioo ikalowa, maji huvuta sodiamu kutoka kwenye kioo, yanakuwa makali na kuula uso wake. Hayaoshiki.

Mikwaruzo najua mnaiona, sitapoteza wino. Ila kila kasoro iandikwe pamoja na namba ya kreti, upande wake, na umbali kutoka ukingo. Bila hayo, yule muuzaji atawakataa, na kwa haki. Kasoro inayorudi umbali uleule kutoka ukingo ina chanzo kimoja kilichokaa mahali pamoja; iliyotawanyika inaelekeza kwenye tanuri la kuyeyushia.

Nijibu basi. Rola zenu zina kipenyo gani? Mawimbi yanakata safari au yanafuata? Vioo vilivyolalamikiwa ni vya kontena moja, au vya zamu moja? Nani anapakia usiku, bado ni yule kijana wa Tororo? Mna lenzi ya mara kumi, au nimpe Otim yangu? Na Auma, amejifungua salama?

Wako,
Okumu