Mapengo ya data za bahari yasizibwe kwa mstari

Mhariri,

Grafu nyingi za maji kujaa na kupwa katika ripoti za pwani yetu zina kasoro moja. Mtambo wa kupimia ukizimika, pengo huzibwa kwa mstari ulionyooka, kisha data nzima hupitishwa kwenye mgeuzo wa Fourier (hesabu inayotenganisha data kuwa mawimbi ya vipindi mbalimbali) kana kwamba kila saa ilipimwa. Tunaomba jambo hili likome.

Wimbi kuu la mwezi, M2, hurudi kila saa 12.42. Pengo la saa sita tu linaweza kumeza kilele kizima cha maji kujaa. Mstari ukikatiza hapo, nguvu ya M2 hupungua na mawimbi ya polepole huonekana makubwa kuliko yalivyo. Kuziba kwa sifuri bila kwanza kutoa wastani ni kubaya zaidi.

Njia ya Lomb (1976) na Scargle (1982) haidai vipimo vyenye nafasi sawa. Katika umbo lake lililoboreshwa baadaye, kwa kila kipindi unachojaribu, tafuta sini, kosini na wastani kwa pamoja, ukitumia nyakati halisi za vipimo, hadi jumla ya miraba ya masalio (tofauti kati ya vipimo na wimbi lililokokotolewa) iwe ndogo kabisa. Data za siku 30 zijaribiwe kwa hatua ya 1/150 ya mzunguko kwa siku. Zikiwa pungufu ya siku 14.77, usidai umetenganisha M2 na S2, wimbi la jua la saa 12 kamili. Mawili hayo yakikutana ni bamvua, yakipingana ni maji mafu.

Kisha weka 1 mahali pa kila kipimo, kwa nyakati zilezile, upige hesabu ya Fourier bila kutoa wastani. Vilele vitakavyojitokeza ni vya ratiba ya upimaji, si vya bahari. Anayepima kila siku saa moja asubuhi ataiona M2 kama wimbi la siku 14.77, na S2 itajificha ndani ya wastani. Kupima kwa saa zisizo na mpangilio huvunja udanganyifu huo. Hapo nafasi zisizo sawa ni msaada.

Saa nazo ziangaliwe sana. Daftari likichanganya saa za Kiswahili na za kimataifa, kosa la saa sita huisogeza M2 kwa nyuzi 174: kujaa kunasomeka kupwa. Kusahau saa tatu kati ya Afrika Mashariki na Greenwich ni nyuzi 87. Pia soma maelezo ya programu: nyingine hutaka masafa kwa mizunguko, nyingine kwa radiani, na tofauti ni mara 6.28.

Anayetaka kuona wimbi likibadilika siku hadi siku atumie viwimbi, yaani mawimbi mafupi yanayochunguza kipande kimoja cha data kwa wakati, kwa njia ya Foster (1996). Viwimbi vya kawaida huharibika penye mapengo kwa sababu sini, kosini na wastani huanza kuingiliana. Foster huvitafuta vyote vitatu kwa pamoja, kila kipimo kikiwa na uzito wake. Kwa kigezo chake cha 0.0125, kinachoamua upana wa kiwimbi, kipimo kilicho saa 18 kutoka katikati ya kiwimbi cha M2 hubaki na theluthi hivi ya uzito kamili. Cha saa 36, chini ya asilimia 2. Katikati ya pengo la siku tatu, basi, hakuna cha kusoma. Programu itachora rangi tu hapo; zifuteni, muache pengo wazi kwenye grafu inayochapishwa.

Wachambuzi wa data za bahari,
Unguja