Barua kwa Mwanangu: Mpira wa Maji

Kigogo, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa Rehema,

Marahaba. Barua yako nimeipata kwa mkono wa mwenzako aliyetoka kambini kwa ruhusa, na kwa kuwa huko JKT simu ni za kuvizia, nami nakujibu kwa kalamu. Unasema udahili wa vyuo umekaribia, na huamui kati ya uhandisi umeme, ambao baba yako mdogo ameushikilia, na uhandisi wa rasilimali maji, ambao nyumbani hakuna anayeutaja.

Baba mdogo ana hoja yake. Ulipokuwa na miaka 6 uliifungua redio ya bibi hadi likabaki kasha, na tangu siku hiyo anakuita mhandisi wa umeme. Lakini mimi ndiye niliyekukuta uani, na ulichokuwa ukikitafuta ni sumaku ya spika, uikokote mchangani ikusanye chembe za chuma. Nyaya ulizitupa na hukuzirudia tena. (Bibi naye hakupata redio nyingine, ila hayo tuyaache.)

Usichokiacha ni maji. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyofanya watu wa mabondeni wahamishiwe Mabwepande, yalikukuta una miaka 5, na kuanzia hapo kila mvua iliponyesha ulichimba vijifereji uani, ukiviziba na kuvizibua hadi mama yako akuite mara tatu.

Ulipofika darasa la tatu nikawa nakuchukua Jumamosi unishikie ncha ya pili ya mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani, ambao sisi waashi huutumia kuhamisha usawa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Siku moja, tukiwa Tabata, uliniambia, "Baba, humu kuna hewa." Nilikuwa na haraka, sikukusikiliza. Kiputo kile, kisichozidi punje ya harage, kiliyafanya maji ya upande wako yasimame juu kuliko ya kwangu. Nikapiga alama, nikasakafia bafu kwa alama hizo, na mwenye nyumba alipofungua bomba, maji yakatuama mlangoni badala ya kuelekea kwenye tundu. Sakafu ile niliivunja kwa gharama yangu. Wewe hukucheka. Uliuliza hewa kidogo vile imewezaje kuyadanganya maji yote yale, na mimi, fundi wa miaka 20, sikuwa na jibu. Ulikuja kunijibu mwenyewe ukiwa kidato cha tatu, ukinichorea nyuma ya mfuko wa saruji jinsi safu yenye hewa inavyokuwa nyepesi, hivyo ikalazimika kupanda zaidi ili ilingane na mwenzake. Swali ulilikalia miaka sita.

Wenzako wengi wamevutwa na vinavyoonekana: Daraja la Nyerere pale Kigamboni, barabara za juu za TAZARA na Ubungo, na sasa treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro mwaka 2024. Siwalaumu. Wewe tukipita Jangwani ulikuwa unatazama chini, ukiuliza kwa nini Msimbazi utoe mchanga kote huko vilima vya Pugu uje kuubwaga pale pale. Bonde likiwa tambarare maji hupunguza mwendo, na yakipunguza mwendo hutua mzigo. Hilo nalijua kwa macho, lakini kulipigia hesabu ni kazi ya aliyesoma.

Hesabu zenyewe zisikutishe, ila usizidharau. Ni miaka 4 ya chuo, na baada ya hapo Bodi ya Usajili wa Wahandisi itakuandika kwanza kama mhandisi mhitimu, ufanye kazi chini ya waliokutangulia kabla ya kuitwa mhandisi mtaalamu. Kuhusu mshahara, muulize mwingine. Mimi nimelipwa kwa siku maisha yangu yote.

Ushauri wangu ni kwamba rasilimali maji iwe chaguo la kwanza na ujenzi la pili. Umeme uweke la tatu, nipate la kumwambia baba yako mdogo.

Mchanga wa masika bado umelala nyuma ya nyumba, umefika ngazi ya pili. Mama yako alitaka kuuzoa. Nimemwomba auache hadi urudi, uone ulikotua.

Ni mimi baba yako.