Senti ya Lincoln ya 1909: kabla hujatuuliza bei

Ukituletea senti ya Lincoln ya mwaka 1909, yaani sarafu ya Marekani ya senti moja yenye sura ya Rais Abraham Lincoln, tunaipindua kwanza. Huko nyuma, chini kabisa, kati ya mashina mawili ya ngano, tunatafuta herufi V.D.B. Ni za Victor David Brenner, aliyeichora. Senti hizo zilitoka tarehe 2 Agosti 1909, Lincoln akiwa ametimiza miaka 100 tangu kuzaliwa, na siku chache tu zikapita watu wakaanza kulalamika kwamba mchoraji anajitangaza mno. Herufi zikaondolewa haraka. Kama V.D.B. yako iko begani mwa Lincoln, hiyo ni ya 1918 au baadaye, na ni jambo jingine kabisa.

Tukiziona, tunarudi mbele kutazama chini ya mwaka. Pakiwa patupu, senti ilitoka Philadelphia, zilikotengenezwa karibu milioni 28. Ni nzuri kuwa nayo, ila haitakutajirisha. Pakiwa na S, huenda ni ya San Francisco, kulikotengenezwa 484,000 tu. Hata iliyochakaa sana huuzwa kwa mamia ya dola.

Tunasema "huenda" kwa sababu ya walaghai. Wanachukua senti halali ya Philadelphia na kuibandika S ndogo. Mizani haiwezi kukuokoa hapo: sarafu yenyewe ni ya kweli na ina gramu zake 3.11 kama kawaida. Kinachosaidia ni lenzi. S halisi ina kinundu kidogo ndani ya tundu lake la juu, tena nafasi ilizokaa zinajulikana, nne tu. Ukiona ufa mwembamba au rangi tofauti kuizunguka, usitoe pesa. Wengine hufanya kinyume: huchukua ya San Francisco isiyo na V.D.B. na kuongeza herufi hizo nyuma.

Sasa ombi letu kubwa, na tunaliomba karibu kila wiki: msiisugue! Si kwa limau, si kwa majivu, si kwa dawa ya meno. Mnunuzi analipia rangi ya asili ya shaba, na iliyobaki nyekundu ndiyo ghali zaidi. Senti iliyong'arishwa hupoteza sehemu kubwa ya bei yake na hatuna namna ya kuirudisha.

Ikipita ukaguzi wetu, tutakushauri uipeleke PCGS au NGC, kampuni za Marekani zinazokagua na kuthibitisha sarafu, ithibitishwe kabla ya kuuza. Gharama yake utailipa wewe, lakini bila cheti wanunuzi makini hawatakupa bei kamili. Kwa kuanzia, tutumie picha za pande zote mbili, zilizopigwa kwenye mwanga wa mchana.