Kwa binti yangu mpenda hesabu

Mwanangu mpendwa,

Huku nyumbani sote hatujambo. Umeniandikia kwamba mwenzako bwenini anasema hesabu haina utu. Basi nikusimulie habari za Condorcet.

Alikuwa Mfaransa wa ukoo wa kikabaila, amezaliwa 1743. Mwaka 1785 alitoa kitabu cha kupima maamuzi ya kura kwa hesabu. Chukua wapigakura watatu na wagombea A, B na C. Mpigakura wa kwanza anampenda A, kisha B, kisha C. Wa pili: B, C, A. Wa tatu: C, A, B. Sasa washindanishe wawili wawili. A anamshinda B kwa kura 2 kwa 1, B anamshinda C, halafu C naye anamshinda A! Kila mmoja anajua anachotaka, lakini wakiwa pamoja mshindi hapatikani. Shika kalamu uhakikishe.

Ila mimi nampendea jingine. Wenzake wengi katika Mapinduzi ya Ufaransa walihubiri haki za binadamu, wakakomea kwa wanaume. Yeye mwaka 1790 aliandika kwamba kama haki zinatokana na mtu kuwa na hisia na akili, wanawake wanazo vilevile. Ama watu wote wana haki zilezile, ama hakuna mwenye haki yoyote. Na utumwa alikwisha kuupinga kwa maandishi tangu 1781. Hoja aliifuata hadi ilikokwenda, mwanangu, na huo ndio utu ninaouona katika hesabu yake.

Mwaka 1793 aliipinga katiba mpya ya wanamapinduzi, ikatolewa amri akamatwe. Mjane mmoja, Madame Vernet, akamficha nyumbani kwake Paris kwa miezi mingi. Humo mafichoni, kifo kikimnyemelea, aliandika kitabu kizima cha kueleza jinsi akili ya binadamu inavyozidi kusonga mbele. Akamwandikia pia mawaidha bintiye Eliza, ambaye hajatimiza hata miaka minne: azoee kazi ili asiishi kwa kumtegemea mtu, na huruma yake aitunze, hata kwa wanyama. Mawaidha hayo yananigusa sana.

Machi 1794 alitoka mafichoni, akakamatwa, na baada ya muda mfupi akakutwa amekufa mahabusu. Mkewe, Sophie de Grouchy, akajikimu yeye na mtoto kwa kuchora picha ndogondogo za watu. Kitabu kile kilichapwa 1795.

Nakupenda,
Mama yako