Kaka, saini ile karatasi

Kaka,

Simu zangu hupokei, basi soma hapa.

Siku ya kumaliza matanga ya mzee, ulipokwisha kukabidhiwa mkuki wa mrithi, muhtasari wa kikao cha familia kuhusu urithi ulipita mkono kwa mkono hadi kwako. Ukaifunika kalamu, ukasema, "Tumwache mzee apumzike kwanza." Ssenga, shangazi yetu, akaitikia, chai ikaletwa. Aliyekosa mapumziko ni mama. Bodaboda ikipunguza mwendo barabarani, anachungulia dirishani akidhani ni mnunuzi mwingine wa shamba, aliyeletwa na baba mdogo. Hilo sijalimeza.

Najua huna tamaa. Wewe ndiwe uliyemuuguza mzee hadi mwisho. Unaogopa kutamka nani apate nini, lakini sheria ya urithi ya Uganda iliyorekebishwa 2022 imekwisha kutamka: asipoacha wasia, watoto asilimia 75, mjane 20, jamaa waliomtegemea 4, mrithi wa kimila 1. Na mama ana haki ya kukaa nyumbani kwake.

Saini yako haigawi shamba. Cheti cha kifo cha NIRA, mamlaka ya usajili, barua ya LC1, baraza la kijiji, na muhtasari wenye orodha ya warithi na mali vinakwenda kwa Msimamizi Mkuu wa mali za marehemu. Akiridhika, anatoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, ndipo tupeleke ombi mahakamani. Tangazo linakaa siku 14. Asipojitokeza mpinzani, mahakama inatupa barua za usimamizi, yaani mamlaka ya kusimamia mali ya mzee. Mambo ya mpima ardhi bado yako mbali.

Patakapotukwamisha ni majina. Hati ya shamba inasema Yosefu, kitambulisho kinasema Joseph. Itabidi kuapa kwamba ni mtu mmoja, na wazee waliomjua kwa majina yote mawili wanapungua.

Baba mdogo naye amekwisha kung'oa oluwaanyi, mmea wa mpaka, upande wa kisima. Anauza kwa mkataba wa karatasi tu. Hana mamlaka hayo, lakini mnunuzi akishajenga, kumtoa ni kesi ya miaka.

Eti nilikwenda kwa LC nyuma ya mgongo wako! Nilikwenda, ndiyo. Ulitaka nimwangalie mama akikonda? Na kwenye nafasi ya msimamizi niliandika jina lako kabla ya langu. Waliokupelekea maneno hawakukwambia hilo. Mwizi wa urithi huandika hivyo, kaka?

Karatasi iko kwa mama. Njoo na cheti cha kifo chenyewe, si kopi. Usimtume wifi, saini inayotakiwa ni yako.