Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Lindi: mita 60 zinaanzia wapi?

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUOMBA BIKONI ZA UKINGO WA MTO LUKULEDI

Mimi ni fundi ujenzi, mkazi wa Mingoyo. Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachoomba, yaani bikoni (alama za zege za mpaka) kando ya mto, si changu peke yangu. Kinawahusu mafundi wenzangu, wenye viwanja, na kila mwenyekiti ambaye mtaa wake unapakana na mto.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, nilipata kazi ya nyumba ya vyumba vitatu karibu na mto. Mwenye kiwanja ni mtu mwelewa. Habari ya mita 60, umbali ambao sheria inataka kati ya mto na nyumba, alishaisikia, akataka tupime kwanza kabla ya kushika jembe. Tukapiga kigingi pale maji yalipoishia, tukavuta kamba hadi kona ya msingi: mita 62. Tukafurahi, tukachimba. Machi iliyofuata nikaitwa nikaone. Maji yalikuwa yamepanda barazani, yakashuka, yakaacha mstari wa tope juu ya tofali la tatu. Pale tulipopiga kigingi chetu cha Oktoba palikuwa katikati ya mto, na mto unakimbia.

Hakuna aliyekusudia kuvunja sheria pale. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inautaja ukanda huohuo wa mita 60 kati ya maeneo yanayoweza kutangazwa kuwa ardhi ya hatari. Namba ipo, na sisi wa kazini tunaijua. Kinachotushinda ni mwanzo wake. Kwenye karatasi "ukingo" ni neno jepesi. Ukisimama Mingoyo Oktoba unaona ukingo mmoja, ukirudi Machi unaona mwingine, na dalali siku zote anakupeleka kiangazi.

Mto wenyewe pia ni wa kuusoma. Lukuledi unashuka kutoka upande wa Masasi, unapita bondeni kati ya uwanda wa Makonde na uwanda wa Rondo, ndipo unafika kwetu na kuingia Ghuba ya Lindi. Mvua ikipiga huko juu, huku chini tunaweza kuwa tumeanika mihogo juani na mto unajaa. Kule chini, karibu na ghuba, kuna mkono wa pili, wa bahari. Maji ya mvua yakikutana na bamvua, yaani bahari inapojaa sana wakati wa mwezi mpevu au mwezi mwandamo, hayana pa kwenda, yanarudi nyuma na kutanda kwenye tambarare. Wavuvi wanajua siku hizo kwa kuuangalia mwezi. Sijawahi kukuta kiwanja kikiuzwa kwa kuuangalia mwezi.

Halafu kuna kona. Mto unakula upande wa nje wa kona na kutema mchanga upande wa ndani. Aliyenunua upande wa ndani anaona kiwanja chake kinakua, aliyenunua ng'ambo anaona chake kinapungua kila masika, na wote wawili wameambiwa mita ileile. Mchanga huo wa ndani ndio tunaouzoa kwa malori kujengea. Nami nimeutumia, nisijifanye mtakatifu.

Jambo ambalo ningependa maafisa wako wa mipango miji walitazame kwa makini ni mwinuko. Umbali wa kulala hausemi chochote kuhusu urefu wa kusimama. Ardhi ikipanda sentimita 1 kwa kila mita, mtu akitembea mita 60 kutoka mtoni amepanda sentimita 60 tu. Hapo hajafika hata usawa wa dirisha. Mto ukiongezeka mita moja, nyumba iliyotii sheria kwa kamba inaoga sawasawa na ile iliyokaidi. Mahali pengine kingo ni za mwinuko mkali, na mita 60 zinamtosha mtu kulala bila hofu ya maji. Kwa hiyo naomba 60 iwe sakafu, isiwe dari: palipo tambarare, mstari usogezwe hadi pale maji ya masika makubwa yalipowahi kufika. Sheria hiyohiyo ya mazingira inazipa serikali za mitaa kazi ya kutoa miongozo ya kulinda kingo za mito, kwa hiyo mlango upo.

Ombi langu basi ni bikoni. Wapimaji wa Manispaa, pamoja na watu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, watembee na mto wakati wa masika, wazee wawaonyeshe alama, wapande bikoni za zege zinazoonekana. Fundi akifika anaiona, dalali hawezi kuificha, na kibali cha ujenzi kinaanzia hapo. Ndani ya mstari pabaki mpunga, bustani za mchicha, minazi, na mikoko kule chini. Vyoo vya shimo visiwemo, maana shimo likijaa maji ya mto, kilichomo kinakwenda visimani kwa jirani. Na kifusi kikatazwe. Wapo wanaomwaga malori ya kifusi kuinua kiwanja; nyumba inapona, maji yanahamia kwa mwenzao.

Najua kikwazo. Kiwanja cha kawaida kina mita 20 kwa 20, kwa hiyo mita 60 zinameza viwanja vitatu mfululizo, na tangu habari za mradi wa gesi asilia wa Likong'o, hapa Lindi, zianze kuvuma, mtu wa Lindi hauachi mchanga wake kirahisi. Waliokwisha kujenga, sisemi wavunjiwe kesho. Wasiongeze vyumba, na wapewe nafasi ya kwanza viwanja vya juu vinapopimwa. Tuliona Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, baadhi ya familia zikahamishiwa Mabwepande, na miaka minne baadaye zikaja alama za X ukutani na mabuldoza. Nadhani gharama ya bikoni ni ndogo kuliko ya mabuldoza. Na huku kwetu onyo si la kusimuliwa tu: Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani, maji yalikata barabara ya Dar pale Somanga, Kilwa, tukabaki kama tuko kisiwani tukisubiri malori ya Dar.

Ile nyumba ya mita 62 bado haijapigwa plasta kwa nje. Mstari wa tope wa Machi unaonekana vizuri, juu ya tofali la tatu, na ni kipimo kizuri cha kuanzia. Mwenye nyumba amenipa kazi ya kuipiga plasta mwezi ujao. Nimemwomba asubiri wiki chache, wapimaji wako wakija niwapeleke.

Wako,
Fundi ujenzi, Mingoyo